Office 2016 imeanza kudai leseni: nimlipe fundi, ninunue mpya au nihamie LibreOffice?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, Morogoro. Jioni na siku za mapumziko nachapa kazi za watu nyumbani: barua, wasifu wa kuombea kazi, kadi za michango ya harusi, vyeti vya mafunzo. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imetumika. Ina Windows 10 na ilikuja na Office Professional Plus 2016. Siku hizi juu ya Word kuna mstari mwekundu unaosema Product Activation Failed. Fundi anataka shilingi 20,000 aiaktiveti upya. Kijana mwingine ananiuzia Office 365 "ya maisha", vifaa vitano, kwa 35,000. Kuna aliyeniambia nipande tu hadi Office 2021. Binti yangu yuko chuo, naye hutumia laptopu hiyohiyo. Nifanye lipi lililo halali na lisilonirudisha hapa mwakani?

JIBU: Mwalimu, nashukuru umeeleza kila kitu kwa pamoja, maana jibu linategemea mambo mawili ambayo waulizaji wengi huyaacha: kwamba unachapa kazi za watu kwa malipo, na kwamba faili za watu wengine zinaingia kwenye mashine hiyo kila siku. Nianze na yale matatu uliyoshauriwa. Usimlipe fundi. Usinunue hiyo ya maisha. Wala usipande kwenda 2021. Kila moja lina sababu yake, na ukishaijua sababu hutayumbishwa na mwingine atakayekuja na bei nzuri zaidi.

Ulichonacho sasa

Professional Plus 2016 ni toleo la mashirika: benki, vyuo, wizara, kampuni. Shirika hufunga mkataba wa leseni za kompyuta nyingi, na badala ya kila mashine kuingiziwa namba yake, mashine zote huiuliza seva ya shirika lenyewe kama bado zina ruhusa. Utaratibu huo unaitwa KMS. Seva hiyo haitoi ruhusa ya Office mpaka kompyuta zisizopungua tano ziwe zimeiomba. Ruhusa ikitoka hudumu siku 180, na Office hujaribu kuihuisha kila baada ya siku saba.

Nyumbani kwako hakuna seva ya namna hiyo. Aliyekuuzia laptopu, au fundi wake, alipachika kijiprogramu kinachojifanya seva ya shirika ndani ya mashine yako. Siku kijiprogramu hicho kilipofutwa na kizuia virusi, au kilipokwama chenyewe, Office ilianza kuhesabu siku zilizobaki, na zilipokwisha ukauona mstari mwekundu. Fundi akikifufua kwa 20,000, hesabu inaanza upya, na hapo ndipo utakaporudi mwakani.

Huenda pia EliteBook yako ilikuwa ya ofisi fulani Ulaya au Marekani na iliwahi kuwa na Office halali kabisa. Hilo halikusaidii, kwa sababu leseni ya mkataba hubaki na shirika pale laptopu inapouzwa. Windows ni habari nyingine: tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huichoma namba yake ndani ya ubao wa mashine, ndiyo maana Windows kwenye laptopu nyingi za namna yako ni halali hata kama Office si halali. Usizichanganye hizo mbili.

Usinisadiki kwa maneno tu, hakikisha mwenyewe. Fungua Command Prompt, kisha andika mstari huu kama ulivyo:

cscript "C:\Program Files\Microsoft Office\Office16\ospp.vbs" /dstatus

Kama Office yako ni ya biti 32, folda hiyo iko ndani ya ile Program Files ya pili, yenye alama ya x86 mwishoni. Tazama mahali palipoandikwa LICENSE DESCRIPTION. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, basi ni hivyo nilivyoeleza. Ukiona RETAIL, ni leseni ya mtu binafsi, na mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Kwa nini namkataa fundi

Wengi hudhani shida ya Office iliyokrakiwa ni kwamba tajiri fulani wa Marekani hajalipwa. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kile anachofanya fundi dakika tano kabla ya "kuaktiveti": anazima kizuia virusi, kwa sababu kijiprogramu chake hakipiti kikiwa hai. Kisha anakiendesha kwa mamlaka kamili ya mashine. Kuanzia hapo hakuna anayejua kimeingia na nini. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, kijiprogramu maarufu kuliko vyote vya kazi hiyo, vilivyokuwa vimebeba Cryptbot, programu hasidi inayokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na kuiba pochi za sarafu za kidijitali. Mtu anapata Word inayofanya kazi vizuri, hana la kulalamikia, na nywila zake zimekwishaondoka.

Wewe unatunga mitihani. Barua pepe yako ina mitihani. Barua pepe hiyohiyo ndiyo ufunguo wa akaunti zako nyingine. Sioni 20,000 inayolingana na hatari hiyo.

Kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na anayetumia programu bila ruhusa katika biashara yuko mahali pabaya zaidi kuliko anayeandika shairi lake chumbani. Unapopokea hela ya kuchapa, uko kwenye biashara, hata kama meza iko sebuleni.

Hiyo ya "maisha"

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu biashara hii imeenea sana kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram, na wanaonaswa ni watu waangalifu, waliotaka kuepuka ya kukrakiwa.

Office 365, ambayo sasa inaitwa Microsoft 365, ni huduma ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Toleo la maisha halipo. Anachokupa huyo kijana ni jina la mtumiaji na nywila: anwani yenye mkia wa shirika usilolijua, labda chuo cha nchi fulani, labda kampuni iliyoanzishwa kwa ajili hiyo tu. Ukiingia, Word inafunguka, haina mstari mwekundu, na ukiuliza unaambiwa ni "original". Kweli programu ni halisi. Lakini wewe umekuwa mfanyakazi wa kubuni wa shirika la mtu mwingine.

Msimamizi wa shirika hilo anaweza kubadilisha nywila yako wakati wowote. Anaweza kuingia kwenye OneDrive yako, yaani hifadhi ya faili ya Microsoft iliyo mtandaoni. Anaweza kuifuta akaunti, na faili zilizomo zikaenda nayo. Ni sawa na kupanga chumba huku mwenye nyumba akibaki na funguo na haki ya kukihamisha kitanda chako usiku. Na Word za siku hizi, ukishaingia na akaunti, hupendekeza kuhifadhi faili kwenye OneDrive kabla ya kwenye diski yako, kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne unaweza kuwa umelala kwa mgeni bila wewe kukusudia. Microsoft ikigundua shirika hilo linauza nafasi, inalifunga lote, na aliyekuuzia hatapatikana kwa simu.

Zile namba za herufi 25 zinazouzwa mtandaoni kwa dola kumi au ishirini zina asili hiyohiyo: nyingi ni namba za mikataba ya mashirika zilizotumiwa kupita idadi yake, au za programu za wanafunzi na wasanidi. Zinakubali leo, zinafungwa baadaye. Bei ikiwa sehemu ya kumi ya bei ya dukani, hiyo bei yenyewe ni taarifa tosha.

Tarehe, na kwa nini 2021 si jibu

Kila toleo la Office lina siku ambayo Microsoft huacha kulitengenezea viraka vya usalama. Office 2010 ilikoma 13 Oktoba 2020, Office 2013 ikafuata 11 Aprili 2023. Office 2016 yako na ndugu yake 2019 zilikoma siku moja, 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipofika mwisho wake. Office 2021 mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Ndiyo maana nasema kuinunua sasa ni kununua kitu kinachokaribia kuzikwa. Office 2024 ina msaada hadi 9 Oktoba 2029.

Usidhani viraka hivyo ni mapambo. Wewe ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo mfano huu unakuhusu moja kwa moja. Novemba 2017 ilitangazwa kasoro yenye namba CVE-2017-11882. Ilikuwa ndani ya Equation Editor, kile chombo cha kuandikia milinganyo kilichokuwa ndani ya Word kwa miaka mingi, na ilikuwa imekaa humo miaka 17 bila kuonekana. Mshambuliaji alihitaji kitu kimoja tu: ufungue hati yenye mlinganyo aliouchezea. Hakuna makro (amri zinazojiendesha ndani ya hati) ya kuruhusu, hakuna pa kubonyeza ndiyo. Januari 2018 Microsoft iliamua kukiondoa chombo hicho kizima. Lakini kasoro hiyo iliendelea kutumiwa kwa miaka mingi baadaye, kwa sababu duniani kulikuwa na Office nyingi zisizopokea viraka, zikiwemo za kukrakiwa ambazo mafundi huzizuia zisijisasishe ili kazi yao isiharibike.

Sasa fikiria meza yako. Mteja anakuja na flashi iliyopita mashine tano za intaneti kafe. Mwingine anakutumia hati kwa WhatsApp. Kazi yako yote ni kufungua hati za watu usiowajua. Mtu anayeandika barua zake mwenyewe anaweza kuchelewa kusasisha bila dhara kubwa, lakini mwenye steshenari hana nafasi hiyo.

Njia halali, na ipi inakufaa

Kwanza ujue kwamba hakuna tena bei ya punguzo ya kupanda toleo. Microsoft iliiacha tangu Office 2010. Mwenye 2016 halali na asiye na kitu wanalipa sawa, kwa hiyo hupotezi chochote kwa kuanza upya.

Kuna Office Home 2024, yenye Word, Excel, PowerPoint na OneNote, inayolipiwa mara moja kwa kompyuta moja. Bei yake Marekani ni dola 149.99. Wengi wangekuelekeza huko. Mimi sikuelekezi, kwa sababu ni ya matumizi ya nyumbani. Ya mtu anayeingiza kipato ni Office Home & Business 2024, dola 249.99, ambayo inaongeza Outlook na, muhimu zaidi kwako, haki ya kuitumia kibiashara. Tofauti hiyo ya dola mia moja ndiyo inayokufanya uwe halali unapopokea hela ya kuchapa. Hata Microsoft 365 Personal na Family zimeandikwa kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara.

Family ni nzuri kwa kaya yenye wanafunzi: dola 129.99 kwa mwaka, watu hadi sita, kila mmoja na akaunti yake na terabaiti moja ya OneDrive. Kwa nyumba ambayo hakuna anayechapa kwa malipo, na ndugu sita wanaweza kuchangiana, ni rahisi kuliko zote. Ila ni kodi isiyokwisha. Usipolipa, Word inabaki inafungua na kuchapisha, lakini haikuruhusu kuhariri wala kuanza hati mpya. Pia inahitaji kukutana na intaneti karibu kila mwezi ili ithibitishe kwamba unalipa, jambo ambalo si dogo kwa anayeishi kwa bando.

Binti yako usimnunulie kitu kabla hajauliza idara ya TEHAMA ya chuo chake. Chuo chenye mkataba wa elimu na Microsoft kinaweza kumpa mwanafunzi akaunti ya bure yenye Word, Excel na PowerPoint za kwenye kivinjari. Hata bila chuo, yeyote mwenye akaunti ya Microsoft anapata Word ya kwenye kivinjari bure, na gigabaiti tano za kuhifadhi. Inatosha kwa kazi ya darasani, mradi intaneti ipo.

Jaribu LibreOffice kabla ya kutoa hela

Dola 249.99 si hela ya kutoa bila kufikiri. Ni mitihani mingi ya kuchapa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nakushauri usakinishe LibreOffice, programu za bure zinazofanya kazi za Word na Excel, na uitumie kwa kazi halisi, mwezi mzima. Leseni yake inaruhusu kuitumia nyumbani, shuleni, dukani, kwenye kompyuta yoyote, kwa malipo ya wateja, bila kulipa na bila kuomba ruhusa. Kisakinishi chake cha Windows kina uzito wa megabaiti mia tatu na kitu, bando la kawaida linakiweza. Ilizaliwa Septemba 2010 watengenezaji wengi wa OpenOffice.org walipojitenga na kuunda The Document Foundation, na mpaka leo inatoka mpya na viraka vyake kila mwaka.

Sisi tuna historia na ukoo huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa na watu wachache, na inaniuma kwamba walimu wengi hawajawahi kuisikia. LibreOffice ya leo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na unaweza kuisakinisha menyu zake zikiwa kwa Kiswahili pia. Kwa anayechapa barua za Kiswahili kutwa nzima, mstari mwekundu unaomwonyesha "anbaye" badala ya "ambaye" ni msaada wa kila dakika.

Sasa nikueleze patakapokuuma, kwa sababu patakuwepo.

La kwanza ni fonti. Watu hulalamika kwamba LibreOffice "inavuruga" hati za Word, na mara nyingi kinachovuruga ni kukosekana kwa fonti iliyotumika. Herufi zikiwa na upana tofauti, mstari unahama, ukurasa unafuata, na jedwali linakatika. LibreOffice inakuja na Carlito yenye vipimo vilevile vya Calibri, Caladea kwa Cambria, na Liberation Serif kwa Times New Roman, kwa hiyo hati za fonti hizo hukaa vizuri. Tatizo jipya ni Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuiweka badala ya Calibri mwaka 2023. Mteja akileta hati ya Aptos, kurasa zitahama. Dawa ni kumwomba akutumie PDF kama anataka kuchapisha tu. Kama anataka uhariri, badilisha fonti kwanza kisha pitia kurasa zote kabla ya kuchapisha.

La pili ni umbo la faili. LibreOffice huhifadhi kwa ODT, umbo lake lenyewe la hati, isipoambiwa vinginevyo, na mteja ukimpa ODT atarudi kulalamika. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, uchague Word iwe umbo la kawaida la hati. Ni mpangilio wa mara moja tu.

La tatu ni la kufurahisha, na ni lako hasa. Mitihani yako ya zamani yenye milinganyo ya Equation Editor haihaririki tena kwenye Word iliyosasishwa, kwa sababu chombo chenyewe kiliondolewa. LibreOffice ina uwezo wa kuigeuza kuwa ya chombo chake kiitwacho Math: hukohuko kwenye Load/Save, chini ya Microsoft Office, utaona palipoandikwa MathType na chaguo la kugeuza wakati wa kufungua. Fungua mtihani mmoja wa zamani ujaribu. Si kila mlinganyo utatoka safi, kagua vipeo na mabano hasa, lakini inaokoa kuandika upya benki nzima ya maswali.

La nne ni kadi na vyeti. Kama unavitengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, anza kuhama sasa, hata ungebaki na Microsoft. Publisher haimo ndani ya Office 2024, na Microsoft imetangaza kwamba msaada wake unaisha Oktoba 2026. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, ingawa mapambo mengine yatasogea na utahitaji kuyapanga upya. Kila kadi unayoitumia mara kwa mara, itolee nakala ya PDF wakati Publisher bado inafunguka kwako.

Excel yenye jumla, wastani, daraja na nafasi ya mwanafunzi darasani haitakupa shida. Ile yenye makro alizoandika mtu mwingine inaweza kukupa, ijaribu mapema badala ya usiku wa kutoa matokeo.

LibreOffice na Office hukaa pamoja kwenye mashine moja bila kugombana, kwa hiyo kujaribu hakukuzuii kitu. Mwezi ukiisha ukiona wateja wengi wanakulazimisha Word yenyewe, basi Home & Business 2024 ndiyo ununue. Usipoona hivyo, hela yako ibaki mfukoni, au ijazie wino.

Ukiamua kununua

Nunua kwa Microsoft yenyewe au kwa muuzaji anayekupa risiti yenye jina la bidhaa, kisha fanya jambo hili kwa mkono wako: fungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, uingie setup.office.com na kuiandika ile namba ya herufi 25. Namba ikishaandikwa, leseni inafungwa kwenye akaunti hiyo, na tangu hapo akaunti ndiyo mali. Usimruhusu fundi aitengeneze kwa barua pepe yake "kurahisisha". Watu wengi wana leseni halali waliyoilipia na hawawezi kuirudisha baada ya kufomati mashine, kwa sababu akaunti ni ya fundi aliyekwisha kuhama mji.

Kabla ya kusakinisha, toa nakala ya faili zako zote kwenye diski ya nje, pamoja na violezo vyako vya Word na fonti ulizoongeza. Halafu ondoa Office 2016 kabisa, usiweke mpya juu yake. Ya biti 32 na ya biti 64 hazikai pamoja, na mabaki ya ile ya mkataba yanaweza kuendelea kukuonyesha mstari mwekundu hata baada ya kulipa. Kwa mashine iliyowahi kuendeshwa kijiprogramu cha kuaktiveti, mimi ningeenda mbali zaidi: kufomati na kusakinisha Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft, kisha kubadilisha nywila zote ukitumia simu au kompyuta nyingine. Fanya hivi hata ukichagua LibreOffice. Office mpya ni gigabaiti kadhaa za kupakua, kwa hiyo panga bando la usiku.

Limebaki suala la Windows 10. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu, kwa hiyo mashine yako haipandi kwa njia rasmi. Ingia Settings, kisha Windows Update, utakuta nafasi ya kujiandikisha kwa viraka vya ziada, vinavyofika hadi 13 Oktoba 2026. Ni bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko. Jiandikishe leo. Baada ya tarehe hiyo utakuwa na njia mbili: kuweka Linux kwenye laptopu hiyohiyo, ambako LibreOffice inafanya kazi vilevile, au kutafuta laptopu ya kizazi cha nane au zaidi.

Kwa hiyo ukinunua Office, hakikisha unapata ile ya rejareja. Hiyo unaweza kuihamishia kwenye kompyuta yako nyingine, si zaidi ya mara moja kila siku 90, isipokuwa mashine ikiharibika. Ile iliyouzwa pamoja na kompyuta hubaki na kompyuta hiyo hadi inapokufa. Muulize muuzaji swali hilo kabla hujatoa hela, na jibu lake liandikwe kwenye risiti.